Klorini ya unga, vidonge, bromini au mashine ya chumvi: dawa ipi kwa bwawa lipi?

Mtu anayejenga bwawa la kuogelea Kigamboni, Nyali au Paje akiingia duka la dawa za bwawa hutoka na ushauri unaofanana sana na shehena iliyofika wiki hiyo. Kukiwa na vidonge vingi, vidonge ndivyo bora. Mashine ya chumvi ikiwa imekaa rafuni miezi sita, basi chumvi ndiyo ya kisasa. Hapa tunaziweka njia nne pamoja na kuzipima kwa vigezo vilevile.

Mfano wetu ni bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, yaani karibu lita 50,000. Tunachukulia kwamba linapoteza miligramu 2.5 za klorini kwa kila lita kwa siku, hali ya kawaida kwa bwawa la wazi ambalo klorini yake imewekewa dawa ya kuikinga na jua, na lenye waogaji wachache. Kama la kwako ni nusu ya hilo, gawanya kwa mbili.

Njia zenyewe ni hizi. Klorini ya unga ni hipokloraiti ya kalsiamu, ile ya ndoo au pipa yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Vidonge ni vile vikubwa vya gramu 200, asilimia 90, vinavyoyeyuka polepole. Bromini huja kama vidonge vyake, au kama chumvi ya bromidi ya sodiamu inayoamshwa na dawa nyingine. Mashine ya chumvi hupitisha umeme kwenye maji yenye chumvi kidogo na kuzalisha klorini papo hapo. Klorini ya maji ya asilimia 10 hatukuipa nafasi yake: inafuata tabia za unga karibu zote, ila haileti chokaa, na madumu yake yakikaa kwenye joto la pwani hupoteza nguvu haraka. Nunua ya wiki mbili, si ya msimu.

Vigezo

Vipo saba: jua, maji unayojazia, pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji), joto la maji na wingi wa waogaji, kazi ya mhudumu, gharama, na usalama wa stoo. Viwili vya kwanza vina uzito kuliko vingine vyote, na ndivyo wauzaji wasivyouliza.

Jua

Klorini isiyo na kinga ikipigwa na jua la saa sita mchana hupungua nusu kabla saa moja haijatimia. Kinga yake ni asidi ya sainuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Inaishika klorini, inaificha dhidi ya jua, kisha inaiachia kidogo kidogo.

Klorini ya unga haina kinga ndani yake. Unaiweka mwenyewe, mara moja: kilo 2 kwa bwawa letu, upate miligramu 40 kwa lita. Tia kwenye soksi safi, ning'iniza mbele ya tundu la maji yanayorudi, na uiminye kila unapopita. Huchukua siku kadhaa kuyeyuka, na siku hizo usioshe filta. Baada ya hapo kinga hupotea hasa kwa maji yanayomwagwa.

Vidonge vina kinga ya kutosha na kupita kiasi. Kila kidonge kimoja kinaongeza klorini miligramu 3.6 kwa lita kwenye bwawa letu, na kinaacha sainuriki miligramu 2.2. Matumizi ya vidonge vitano kwa wiki yanaacha 11 kila wiki. Ukiondoa maji machache yanayotoka wakati wa kuosha filta, miezi mitatu inatosha kufika 140 au zaidi. Hapo ndipo lawama zinapoanza: kipimo kinasoma klorini 3, maji yanageuka kijani, na mwenye bwawa anaongeza vidonge. Klorini inayotakiwa ni karibu asilimia 7.5 ya sainuriki. Kwa 40 unahitaji 3. Kwa 150 unahitaji 11. Tiba inayotegemeka ni kumwaga, na kutoka 150 kurudi 50 maana yake ni theluthi mbili ya bwawa, lita 33,000. Pigia hesabu maboza hayo kabla ya kusema vidonge ni rahisi.

Mashine ya chumvi inatoa klorini ileile, kwa hiyo inahitaji kinga ileile, tena zaidi kidogo: 60 hadi 80, kwa sababu inazalisha taratibu mchana kutwa, na jua linakula kwa kasi hiyohiyo.

Bromini haikingwi. Asidi ya sainuriki haiishiki kwa kiasi cha kusaidia. Bwawa la wazi linaweza kuamka na bromini 4, na alasiri saa tisa kipimo kisionyeshe kitu. Chini ya paa hadithi inabadilika kabisa.

Maji unayojazia

Maji laini, ya mvua au ya bomba lisilo na chokaa nyingi, yanaruhusu njia yoyote. Visima vya Unguja na vya kisiwa cha Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na maji yake mara nyingi ni magumu tangu siku ya kwanza. Klorini ya unga inaongeza ugumu: kwa matumizi yetu, karibu miligramu 12 kwa lita kila wiki. Kwenye maji laini hilo ni jema, maana maji yenye njaa ya chokaa huila plasta na chokaa ya kati ya vigae. Kwenye maji ya kisima cha matumbawe, baada ya miezi michache utaona utepe mweupe kwenye vigae na mchanga wa filta ukigandamana. Mashine ya chumvi nayo inapata taabu: magamba ya chokaa hukamata kwenye mabamba ya seli (sehemu ya mashine inayozalisha klorini), ambako pH iko juu kuliko kwingine kokote bwawani. Vidonge vya klorini na vya bromini haviongezi chokaa.

Shida kubwa zaidi ni kisima kilichoingiliwa na bahari. Maji ya bahari yana takriban miligramu 65 za bromidi kwa kila lita. Bromidi yenyewe haiui kitu. Lakini ukiimwagia klorini, klorini inaisukuma kuwa bromini na yenyewe inabaki kloridi ya kawaida. Maji ya bwawa yakiwa na sehemu 5 za bahari katika 100, yana bromidi zaidi ya miligramu 3 kwa lita, na hiyo inatosha kugeuza karibu miligramu 3 zote za klorini yako. Mwenye bwawa la namna hiyo anadhani ana klorini yenye kinga, kumbe ana bromini isiyo na kinga.

Kulitambua si kazi ngumu. Pima jua likizama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Ikiwa usiku unapoteza chini ya miligramu 1, lakini mchana inakwisha yote ilhali sainuriki iko 40, basi shuku bromidi. Kipimo cha kawaida cha DPD hakitakusaidia kutofautisha, kwani hugeuka waridi kwa zote mbili. Wenye vifaa kamili hutia glisini kwanza: inakamata klorini na kuiacha bromini isomwe peke yake.

Hali hiyohiyo huingia kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya dawa za kuua mwani wa njano ni bromidi ya sodiamu kwenye chupa yenye jina zuri. Tia mara moja, na bwawa limeshakuwa la bromini hadi maji yabadilishwe. Chumvi ghafi ya mashambani, kama ya Gongoni au Bagamoyo, nayo hubeba bromidi na magnesiamu kiasi fulani. Kwa mashine tafuta iliyosafishwa, asilimia 99 au zaidi, isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana.

pH

Vidonge vya klorini ni vikali: vinashusha pH na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), na usipofuatilia vinakula shaba ya hita na saruji. Utanunua magadi soda. Mashine ya chumvi inapandisha pH kila wiki. Utanunua asidi hidrokloriki. Kwa bwawa letu lenye alkalini 100, kushuka kutoka 7.8 hadi 7.5 huchukua karibu nusu lita ya asidi ya asilimia 33. Anza na mililita 300, pampu izungushe saa nne, upime tena. Unga hupandisha kidogo; vidonge vya bromini hushusha kidogo.

Bromini ina sifa moja hapa ambayo haina ubishi. Katika pH 7.5, karibu nusu tu ya klorini isiyo na kinga iko katika umbo linaloua vijidudu, na kwenye 8 inabaki kama robo. Bromini kwenye 8 bado ina zaidi ya asilimia 80. Ila tofauti hiyo hupungua sana kwenye bwawa lenye sainuriki, kwani sainuriki ndiyo inayotawala kiasi cha klorini iliyo huru, si pH pekee. Vipeperushi vya wauza bromini huiruka sentensi hii.

Joto na wingi wa watu

Jakuzi la nyuzi 38 lenye watu wanne ni mtihani mwingine. Jasho na mkojo vinaipa klorini amonia, zinazaliwa kloramini, na hizo ndizo zenye harufu inayochoma macho, hasa ndani ya nyumba isiyo na hewa. Bromini nayo hushikana na amonia, lakini bromamini zinaendelea kuua vijidudu na harufu yake ni ndogo. Ndiyo maana bromini imeota mizizi kwenye majakuzi na mabwawa ya ndani.

Kwa jakuzi la lita 1,500, bromini ya hatua mbili inakwenda hivi. Yeyusha gramu 60 za bromidi ya sodiamu kwenye ndoo ya maji, mimina pampu ikizunguka. Hiyo ni akiba, hutiwa mara moja kwa kila ujazo mpya. Kisha tia dawa ya kuiamsha: mililita 30 hivi za klorini ya maji ya asilimia 10, au monopasalfeti ya potasiamu kwa kipimo cha kwenye kopo. Pima na uongeze kidogo kidogo mpaka bromini isome 4 hadi 6. Kama kipimo chako ni cha klorini, zidisha unachosoma kwa 2.25. Baada ya kila kuoga, amsha tena. Kwa watu wawili kila siku, badilisha maji karibu kila miezi miwili. Bromini iliyokwisha kazi hurudi kuwa bromidi, ndiyo sababu akiba haiishi. Vidonge vya bromini haviachi bromidi pekee bali na haidantoini, kemikali inayoibeba bromini ndani ya kidonge, ambayo hujikusanya, na wapo wanaotokwa na vipele kwenye maji yaliyokaa nayo muda mrefu.

Ukitaka klorini kwenye jakuzi, tumia isiyo na sainuriki na ushike angalau 3. Vidonge vya gramu 200 si vya jakuzi.

Kazi ya mhudumu

Unga unataka mtu kila jioni. Gramu 190 hivi kwa bwawa letu: tia maji kwanza kwenye ndoo ya lita 20, kisha unga juu yake, koroga, acha dakika 20 chokaa itue, mwaga maji ya juu kuzunguka kingo. Tope jeupe la chini lisiingie bwawani wala kwenye skima, lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu. Anayeruka siku mbili katika kipindi cha joto ataiona rangi ya kijani siku ya tatu.

Vidonge vinasubiri. Vitano kwenye kielea au kwenye chombo cha kulishia, na mhudumu anarudi wiki ijayo. Kosa la kawaida ni kuviweka kwenye kikapu cha skima huku pampu ikizimwa usiku. Maji makali yanajikusanya humo, na pampu ikiwashwa asubuhi yanakwenda moja kwa moja kwenye hita. Kielea kikinasa kwenye ngazi, kinaacha doa jeupe kwenye bitana.

Vidonge vya bromini hulishwa vivyo hivyo, ila kwa chombo chake pekee.

Mashine ya chumvi inapunguza kazi ya kubeba dawa lakini haifuti kazi ya kupima. Kilo 160 za chumvi hufikisha bwawa letu gramu 3.2 kwa lita. Mashine ya gramu 15 hadi 20 kwa saa, ikifanya kazi saa nane, inatosheleza siku. Umeme ukikatika siku nzima, siku hiyo hakuna klorini, hivyo ndoo ya unga ibaki stoo. Seli iangaliwe kila mwezi. Kwenye maji magumu, kila wiki mbili. Magamba huondolewa kwa asidi sehemu moja ndani ya maji sehemu kumi, dakika 10 hadi 15. Ukiikwangua kwa bisibisi unaondoa na rangi ya madini inayofanya kazi. Na tusidanganyane: bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Mwenye ngozi inayokataa klorini hatapona humo.

Gharama

Usilinganishe bei ya ndoo na ndoo. Kilo ya unga wa asilimia 65 ina gramu 650 za klorini. Kilo ya vidonge ina 900. Lita ya klorini ya maji ina 100. Gawanya bei kwa gramu hizo. Kisha ongeza visivyoandikwa kwenye risiti: kwa vidonge, maji ya kubadilisha na magadi, kwa unga, siku za mhudumu, kwa mashine, umeme wa pampu, asidi, na seli mpya kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Bromini ni ghali zaidi kwa kilo, na unahitaji uzito mara 2.25 kupata nguvu ya klorini, tena upatikanaji wake Afrika Mashariki ni wa kuagiza zaidi kuliko wa kwenda na kurudi dukani.

Stoo

Unga na vidonge vya klorini havikai pamoja. Vyote vinaitwa klorini, lakini vikikutana vikiwa na unyevu vinaweza kushika moto au kulipuka, na upawa mmoja wa kuchotea unatosha kuanzisha. Chombo kilicholisha kimoja kisitiwe kingine, wala vidonge vya bromini. Asidi ikae mbali na vyote, kwani ikigusa unga inatoa gesi ya klorini. Daima dawa huingia kwenye maji, siyo maji kwenye dawa. Ikiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali huku mwenzako akibeba lebo.

Kuna wanaotaka kuipata bromini yenyewe kutoka kwenye dawa hizi, pembeni, kwenye chupa. Mwanakemia Mfaransa Antoine Balard aliitoa mwaka 1826 kwa kuyapitishia klorini maji machungu yaliyobaki kwenye mashamba ya chumvi ya Montpellier, na bwawa lako linafanya kazi hiyohiyo kwa miligramu chache kwa lita, ambako haidhuru. Ikitengwa, ni kimiminika chekundu kilichoiva ambacho kinachemka kwenye nyuzi 59, kinafuka hata kwenye joto la chumba, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na unaunguza mapafu. Tone lake linachimba ngozi. Hakuna bwawa linaloihitaji katika umbo hilo, na jiko la nyumbani halina kitu cha kuizuia.

Kulingana na hali yako

Bwawa la nyumbani la wazi, maji laini, na mtu anayekuwepo kila jioni: unga, pamoja na kilo 2 za sainuriki mwanzoni. Ukisafiri wiki mbili, acha vidonge kwenye kielea kwa muda huo tu, kisha rudi kwenye unga. Mchanganyiko huu wa zamu, ndani ya maji mengi na kamwe si kwenye chombo kimoja, ndio unaofanya kazi kwa nyumba nyingi, japo hakuna duka linalouuza kama mfumo.

Nyumba ya wageni yenye mhudumu wa mara moja kwa wiki: vidonge, kwa sharti la kupima sainuriki kila mwezi na kumwaga sehemu ya maji inapopita 80. Kama maji yanaletwa kwa boza, hesabu hiyo inaelemea upande wa mashine ya chumvi, mradi umeme ni wa kutegemewa.

Maji ya kisima cha matumbawe, magumu lakini matamu: klorini ya maji kwa pampu ndogo ya kudondoshea, au vidonge kwa zamu na unga, kwa uangalifu. Mashine inawezekana kwa anayekubali kusafisha seli mara kwa mara.

Kisima chenye chumvi ya bahari: usinunue mashine ya kawaida wala sainuriki mpaka ujue bromidi ikoje. Ama jaza kwa maji mengine, ama likubali kuwa ni bwawa la bromini: dawa idondoshwe kidogo kidogo saa za jua, kipimo kishikwe juu ya 3, na bwawa lifunikwe mchana lisipotumika.

Jakuzi, au bwawa la ndani la mazoezi ya viungo: bromini ina hoja nzuri hapa kuliko popote. Mwenye kupima kila siku aanze na hatua mbili; asiye na muda atumie vidonge vyake. Kabla ya kuhamia bromini kwenye maji yaliyowahi kuwekewa vidonge vya klorini, mwaga yote na usuuze mabomba, maana hakuna faida ya kubeba sainuriki ya zamani kuingia nayo.